Tiba ya mwanga pamoja na tibakemia kwa saratani ya umio iliyorejea: mwongozo kwa familia za Tabora

Saratani ya umio, yaani bomba la chakula, inapojirudia palepale ilipotibiwa kwa mionzi, njia hubaki chache, kwa kuwa sehemu iliyokwisha kupigwa mionzi haivumilii dozi kubwa ya pili, na upasuaji wa wakati huo huwa mzito. Baadhi ya vituo nje ya nchi, hasa Japani na China, hutumia tiba ya mwanga, yaani dawa inayoamshwa kwa leza ili iue uvimbe, pamoja na tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani. Anayeanzia hospitali ya Kitete akapewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, aulize mapema kama hali yake inaifaa, kabla familia haijauza kitu.

Jibu hutokana na endoskopi, mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na picha ya CT, ambayo huonyesha ndani ya mwili. Mwanga mwekundu haupenyi nyama hata sentimita moja, hivyo huufaa uvimbe wa juujuu. Uvimbe uliokwisha kula bomba la hewa au mshipa mkubwa wa damu usiguswe kwa njia hii, maana ukifa huacha tundu.

Mgonjwa hudungwa mshipani dawa inayoamshwa na mwanga. Ikiwa ni porfimeri, hupewa miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito, kisha baada ya saa 40 hadi 50 leza ya mwanga mwekundu (nanomita 630) hupitishwa ndani ya endoskopi. Talaporfini, inayotumika Japani, husubiri saa 4 hadi 6 tu. Dawa ikimulikwa hugeuza oksijeni iliyomo katika uvimbe kuwa sumu ya seli. Kazi hiyo huishia pale mwanga ulipofika, na ndiyo sababu ya kuongeza tibakemia, kama vile sisplatini na fluorourasili, inayosafiri na damu kuzifuata seli zilizotoroka.

Utaratibu wa kutanguliza kipi hupangwa na jopo la madaktari. Hata hivyo, kwa mgonjwa asiyemeza hata uji, ningeishauri familia iulize kama mwanga unaweza kutangulia, ili njia ifunguke, ale, kisha dawa zimkute na nguvu. Tibakemia isubiri kidonda kitulie na seli nyeupe za damu ziwe za kutosha.

Jua ndilo linalowashinda wengi, kwa kuwa dawa hubaki ngozini na huamshwa nalo. Baada ya porfimeri, ngozi na macho hukingwa kwa siku 30 au zaidi. Talaporfini huhitaji takriban wiki mbili. Losheni ya kukinga jua, ile wanayotumia ndugu zetu wenye ualbino, haisaidii, kwa sababu dawa huamshwa na mwanga unaoonekana. Kivuli cha mwembe, tunachojivunia hapa, nacho hakitoshi. Mgonjwa avae mikono mirefu, glavu, kofia pana na miwani myeusi, na asafiri usiku. Lakini asifungiwe gizani: mwanga hafifu wa chumbani huivunja dawa iliyobaki ngozini taratibu. Fluorourasili nayo huongeza wepesi wa ngozi kuungua, hivyo tahadhari iendelee.

Maumivu ya kifua siku za mwanzo hutarajiwa. Kukohoa kila anywapo maji, kutapika damu, au homa ya nyuzi 38 wakati wa tibakemia ni sababu ya kumpeleka hospitali usiku huohuo. Chakula kikianza kukwama wiki kadhaa baadaye, huenda ni kovu lililobana njia, ambalo hupanuliwa kwa endoskopi. Apimwe kabla ya mtu yeyote kusema saratani imerudi.