Umefungiwa akaunti ya kredit kadi Marekani na siku ya kulipa ndo hiyo? Anza na hela, paswedi baadaye

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, naandika hii kwa sababu watu wanaumia bure. Mtu kashindwa kuingia kwenye akaunti ya kredit kadi, anahangaika na paswedi wiki nzima, OTP (ile kodi ya siri inayotumwa kwa meseji) haiji, kastama kea wanamzungusha, na huku tarehe ya kulipa inapita. Faini ikiingia ndo anashtuka. Kumbe kulipa hakuhitaji kabisa uingie kwenye ile akaunti, hayo ni mambo mawili tofauti, kwa hiyo kabla hujagusa kitu kingine hakikisha hela imefika.

Kama bado una siku kama tano au zaidi, ingia kwenye apu ya benki yako, ile unayopokelea mshahara, tafuta sehemu ya kulipa bili, mwongeze mtoa kadi kama mlipwaji, weka namba ya akaunti ilivyo kwenye stetimenti yako ya karibuni. Nasema ya karibuni kwa sababu kama kadi iliwahi kuibiwa wakakupa nyingine basi namba ilibadilika, na ukilipia ile ya zamani hela inaweza kuchelewa ikitafutwa ni ya nani. Halafu kumbuka benki nyingine zinapeleka cheki ya karatasi kwa posta, ndo maana nikasema siku tano, usifanye hivi jioni ya siku ya mwisho.

Kama ni kesho au leo, piga namba iliyo nyuma ya kadi, ubaki na ile mashine inayoongea, usiombe mtu. Mashine itakuuliza namba ya kadi na tarakimu nne za mwisho za soshali (Social Security, namba yako ya utambulisho ya Marekani), kisha itakuambia deni lako na itakuruhusu ulipe kutoka benki. Tangu sheria ya kadi ya mwaka 2009 hawaruhusiwi kukutoza kwa sababu tu umelipa kwa simu, isipokuwa pale umeomba mhudumu mwenyewe akuharakishie malipo, hapo anaweza kukutoza, muulize kwanza. Ukimaliza utapewa namba ya uthibitisho, iandike pamoja na tarehe na saa. Usiizarau hiyo namba, kesho wakisema hawajaona hela ndo ushahidi wako.

Huna uwezo wa kulipa yote? Lipa kile kiwango cha chini. Riba utaikuta, lakini hutahesabiwa umechelewa. Na kama siku imeshapita jana au juzi usikate tamaa ukaacha, kwa sababu faini ya kuchelewa utapigwa kweli (mara ya kwanza inazunguka dola 30) ila kwenye ripoti ya krediti (rekodi ya jinsi unavyolipa madeni) hawakuandiki mpaka ufikishe siku 30 za kuchelewa. Zikipita hizo 30 rekodi ya kuchelewa inakaa miaka 7. Kwa hiyo siku ya 4 au ya 10 bado unaokoa kitu kikubwa sana, lipa.

Sasa hela imefika, tulia, turudi kwenye akaunti.

Kwa watu wetu naona matatizo makubwa ni matatu. La kwanza ni namba ya simu. Umebadilisha laini, au umeenda nyumbani Desemba ukazima laini ya Marekani kuokoa hela, OTP zinaenda kwenye namba ambayo huna tena, na kampuni za simu namba ikikaa bila mtu wanampa mwingine. Hapa hakuna ujanja, piga simu, waambie namba imebadilika, watakuhakikisha kwa njia nyingine, wengine watakuomba picha ya kitambulisho, wengine watatuma barua yenye namba kwenye anwani yako. Namba za bure za intaneti mara nyingi hazikubaliki kupokea OTP kwa hiyo usizitegemee. Anayejiandaa kusafiri, kabla hujapanda ndege washa kupiga simu kwa WiFi kwenye simu yako, kwa kampuni nyingi ukiwa Moshi au Mombasa na una WiFi meseji za OTP zitaendelea kuingia kama uko nyumbani kwako Columbus. Na piga picha ya nyuma ya kadi, kuna namba ya kupiga kutoka nje ya nchi, zile za bure zinazoanza na 800 ukiwa Afrika mara nyingi hazitoki.

La pili ni majina na tarehe ya kuzaliwa. Huku mwezi unaanza, siku inafuata. Mtu kazaliwa tarehe 5 mwezi wa 3, anaandika 05/03, mfumo unasoma Mei 3, unamkataa. Na ndugu zetu wengi waliokuja kama wakimbizi, waliopitia Nyarugusu na kambi nyingine, karatasi zao zinasema Januari mosi hata kama mama anajua mtoto alizaliwa wakati wa mavuno. Ukiulizwa na benki jibu kilichoandikwa kwenye karatasi. Jina hivyohivyo, kama uliomba kadi kwa Mohamed usiandike Muhammad, na kama jina la babu liliwekwa kama jina la ukoo basi kwao hilo ndo jina lako la ukoo.

La tatu ni kujaribu paswedi mara nyingi mno. Ukikosea mara mbili acha, nenda kwenye kusahau paswedi, ukiendelea kubahatisha wanafunga na hapo lazima uongee na mtu. Ukiongea na mtu omba mkalimani wa Kiswahili, kampuni nyingi kubwa wanaye kwa simu na hulipi kitu, bora usubiri dakika chache kuliko kukubali jambo hujalielewa.

Na tafadhali sana, namba ya kastama kea usiitafute gugo. Matapeli wananunua matangazo yanakaa juu kabisa, unapiga wanakupokea kwa upole kuliko benki yenyewe, wanakuomba OTP, wanamaliza kila kitu. Namba ni ile ya nyuma ya kadi au kwenye stetimenti. Mtu akikupigia yeye, hata akitaja jina lako na tarakimu nne, kata simu, upige wewe.

Malipo yakirudi sababu huwa ni hela haikutosha au umekosea namba za benki. Chukua cheki uangalie chini kushoto, zile tarakimu 9 za mwanzo ni za benki, zinazofuata ndo akaunti yako, na kile kinamba kifupi ni cha hiyo cheki tu, watu wengi wanakibandika kwenye namba ya akaunti na malipo yanarudi. Ukishayarekebisha usilipe mara mbili kwa woga, angalia kwanza kama yanasubiri, maana kuhamisha hela huchukua siku moja mpaka tatu za kazi na wikiendi haihesabiki. Malipo ya otomatiki nayo ukiyawasha leo mara nyingi yanaanza mwezi ujao, huu wa sasa lipa kwa mkono. Yakishawahi kurudi, au ukibadilisha benki, ingia uhakikishe bado yamewashwa.

Faini ukishapigwa omba ifutwe. Kama miezi ya nyuma ulilipa vizuri sema hivyohivyo kwa upole, nimekuwa nalipa kwa wakati, safari hii nilifungiwa akaunti, naomba mnifutie faini na riba yake. Wanafuta mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Ukikuta manunuzi si yako piga simu siku hiyohiyo wafunge kadi, kisha andika barua. Sheria ya mwaka 1974 inakupa siku 60 tangu stetimenti ya kwanza yenye kosa ilipotumwa, na barua iende kwenye anwani ya maulizo ya bili, si ile ya kupeleka malipo. Ipeleke kwa posta ya kusainiwa. Wana siku 30 kukujibu wameipata, na mizunguko miwili ya bili, isizidi siku 90, kumaliza uchunguzi, na muda huo hawaruhusiwi kukudai hicho kiasi unachobishia wala kukuripoti kwa hicho. Vingine lipa kama kawaida. Kwa kadi iliyotumika bila idhini yako, kisheria huwezi kudaiwa zaidi ya dola 50.

Wakikuzungusha baada ya yote hayo, peleka malalamiko CFPB (ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda wateja wa huduma za fedha) kwenye consumerfinance.gov, ni bure. Kampuni kwa kawaida hujibu ndani ya siku 15, ngumu zinafika 60. Andika kwa tarehe, nilipiga siku fulani, nikaongea na fulani, akasema hivi, weka namba ya uthibitisho, skrinshoti na nakala ya barua, halafu sema wazi unataka nini: akaunti ifunguliwe, faini irudishwe, ripoti irekebishwe.