Mgeni amelipa kwenye akaunti ya tapeli: hatua za kuokoa barua pepe ya ofisi

Juni ikikaribia, ofisi za utalii hapa Arusha zinatuma ankara kutwa nzima, na matapeli wanalijua hilo. Juzi nilikuwa Njiro kwa dada mwenye kampuni ndogo ya safari. Mgeni wake wa Ujerumani alikuwa ameshalipa malipo ya awali, ila kwenye akaunti ambayo dada haijui. Ankara ilikuwa na nembo yake, bei zake na tarehe za kulala Karatu. Kilichobadilishwa ni namba ya akaunti tu. Yakikukuta, fuata hizi.

1. Benki kwanza. Mgeni aipigie benki yake saa hiyohiyo, aombe muamala usimamishwe au urudishwe. Kompyuta itasubiri.

2. Usifute kitu. Utakapokwenda polisi kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, barua hizo ndizo ushahidi wako. Picha ya skrini haitoshi. Pakua barua nzima, pamoja na maelezo ya njia iliyopitia.

3. Badilisha nywila kwa kompyuta unayoiamini, kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti.

4. Kagua vichujio, yaani maagizo yanayoamua barua zikiingia zipelekwe wapi. Wengi huishia hatua ya 3 wakadhani wamemaliza. Nywila mpya haiondoi alichokiacha mwizi ndani. Kwa yule dada tulikuta kichujio kinachoagiza barua zote za yule Mjerumani zisionekane kikashani, zihesabiwe zimeshasomwa, ziende takataka. Dada alidhani mgeni kanyamaza, kumbe mgeni anaandika kila siku na tapeli anamjibu, kwa anwani inayofanana na ya ofisi ila imezidi herufi moja.

Kwa Gmail, fungua kwenye kompyuta. Programu ya simu haionyeshi vichujio, na hapo ndipo watu wanapoteza saa nzima wakitafuta kisichokuwepo. Ingia mipangilio yote, soma kichujio kimoja kimoja, kipige picha kabla ya kukifuta. Kisha angalia sehemu ya kusambaza barua: kuna anwani usiyoijua inayopokea nakala? Angalia na sehemu ya akaunti: nani amepewa ruhusa ya kufungua kikasha chako, na majibu ya wageni yanarudi anwani ipi? Malizia na programu za nje zilizoruhusiwa kusoma barua, usiyoitambua, ng'oa. Kichujio kikifutwa, barua hazirudi zenyewe. Zichukue kwenye takataka mapema, kwa sababu Gmail huifuta baada ya siku 30.

Kama anwani yenu ni ya jina la kampuni na iko kwa mtu aliyewapangishia tovuti, kazi haijaisha. Vichujio na usambazaji vinaweza kuwekwa kwenye seva yenyewe, kompyuta inayohifadhi barua zenu, na ndani ya kikasha usione chochote. Mtake aliyewapangishia afungue paneli, ukurasa wa kusimamia tovuti na barua pepe, mkiwa pamoja, muangalie kila anwani. Na nywila ya paneli hiyo ibadilishwe pia.

5. Uthibitishaji wa hatua mbili: baada ya nywila, uulizwe na namba ya muda. Tumia programu ya simu inayotoa namba hizo, usitegemee SMS. Tapeli akifanikiwa kuhamishia namba yako kwenye laini nyingine, SMS zinakwenda kwake. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Na naomba sana: acheni ofisi nzima kutumia nywila moja. Kila mfanyakazi awe na yake, ili anayehamia kampuni nyingine aondoke bila funguo.

6. Waandikie wageni wote wenye malipo yanayosubiri, mmoja mmoja, leo. Waambie akaunti yenu haibadilishwi kwa barua pepe, na wakiona mabadiliko wapige simu kwa namba iliyo kwenye mkataba, siyo iliyo kwenye ankara hiyo mpya. Sentensi hiyo iingie kwenye kila ankara kuanzia sasa.

Kama tapeli alitumia pia namba ya simu ya hapa nchini, iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040.