Kusoma Lebo ya Chakula Kikavu cha Mbwa

Viambato kwenye lebo hupangwa kwa uzito wake kabla ya kupikwa, na kwa kuwa nyama mbichi ya kuku huwa na maji takriban asilimia 70, kuiona ikitajwa mwanzoni hakuthibitishi kwamba ndiyo inayotoa protini nyingi katika chakula kilichokwisha kukaushwa. Unga wa nyama, ambao wanunuzi wengi huudharau bila sababu ya msingi, umekwisha kuondolewa maji hayo. Angalia pia iwapo njegere zimetajwa mara tatu, kama wanga, protini na nyuzinyuzi, kwani zikijumlishwa huenda zikaipita nyama. Muhimu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni tamko kwamba chakula kinakidhi mahitaji kamili ya lishe ya mbwa wa umri husika, tamko ambalo aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya mfuko.