Git ya zamani na Git mpya kwenye ripo moja: fanyeni hivi

Timu nyingi huku Nyanda za Juu Kusini zinatunza kodi kwa Git, programu ya kuhifadhi kila badiliko, ndani ya ripo (folda ya mradi pamoja na historia yake), nazo ziko hivi: mmoja yuko Mwanjelwa ana mashine mpya, mwenzake yuko Vwawa anatumia ya mtumba yenye Ubuntu 18.04, halafu seva mliyorithi inaendesha CentOS 7. Mnaweza kufanya kazi pamoja vizuri tu, ila mpangilie mapema.

Anzeni kwa kila mtu kuandika `git --version` na kutuma jibu kwenye grupu, msikisie. Ubuntu 18.04 ilikuja na 2.17.1, Ubuntu 20.04 na 2.25.1, CentOS 7 ina 1.8.3.1 ambayo ni ya mwaka 2013. Ile namba ndogo kuliko zote ndo mnayoifuata, sio ya mwenye mashine kali.

Sasa hapa ndo watu wanachanganya. Kupush na kupull (kutuma na kuvuta mabadiliko) kwa mtandao karibu hakuna shida, maana Git mbili zikikutana zinaulizana kwanza kila moja inaweza nini halafu zinatumia kile ambacho zote zinakijua, hata protokali ya 2 (utaratibu mpya wa mawasiliano) ambayo ilianza kuwa ya kawaida kwenye 2.26, seva isipoijua zinarudi kwenye ya zamani na wewe wala hushtuki. Balaa liko kwenye folda ya `.git` yenyewe, pale matoleo mawili yanapofungua folda ileile, mfano ripo iko kwenye hadidiski mnayotumiana kwa Kosta za Mbeya–Tunduma kwa sababu bando limekata.

Fungua `.git/config` uangalie `repositoryformatversion`. Ikiwa 0 uko salama. Ikiwa 1 na chini kuna sehemu ya `extensions`, mtu amewasha kitu kipya, labda reftable ya 2.45 (njia mpya ya kuhifadhi majina ya matawi) au partial clone (nakala isiyo na data yote), na Git ya zamani itagoma na maneno kama "unknown repository extension". Tafadhali usibadilishe 1 iwe 0 kwa mkono, data inabaki ya aina mpya na Git ya zamani inaweza kukuharibia. Clone upya (nakili ripo nzima) kutoka kwenye seva, basi. Ripo ya SHA-256 tu (njia mpya ya kuipa data utambulisho, badala ya SHA-1 ya kawaida) ndo haiponi kwa njia hiyo, hiyo hata kwa mtandao haichanganyiki na ripo ya SHA-1, kwa hiyo msiianzishe kama mmoja wenu yuko chini ya 2.29.

Badala ya kubeba folda nzima, beba bando la Git (bundle, sio bando la intaneti), ni faili moja tu lenye ripo yote:

`git bundle create mizani.bundle --all`

Mwenzako anaweka flashi, anaandika `git clone mizani.bundle`, na ya 1.8 inasoma bila tatizo. Kama ripo anayo tayari, anapull kutoka kwenye hilo faili kama anavyopull kwenye seva. Kwa sisi wa mtandao wa kusuasua hii naipenda kuliko zote.

Komandi nazo ziangalieni, hasa kwenye skripti. Chukua skripti ya kupandisha mfumo wa mizani ya kahawa ya AMCOS, kwenye mashine ya Mwanjelwa inapita safi, kwenye seva inakufa mstari wa kwanza: "git: 'switch' is not a git command". Ni kwa sababu `switch` na `restore` zilikuja 2.23 mwaka 2019. Kwenye skripti andika `git checkout tawi`, na kurudisha faili andika `git checkout -- faili`, zinafanya kazi kote kote mpaka leo. `git init -b main` nayo inataka 2.28, kwa wa chini piga `git init` halafu `git checkout -b main`.

Kuna lingine la upande wa wapya: tangu 2.35.2 ya Aprili 2022 Git inakataa folda inayomilikiwa na yuza mwingine. Ongeza njia ya folda hiyohiyo kwa `git config --global --add safe.directory /njia/ya/ripo`, usiweke nyota ya kuruhusu zote, hicho kizuizi ni cha usalama wako.

Na kama ofisini bado mko Subversion (svn, programu nyingine ya kazi kama ya Git), klaienti yoyote ya 1.x inaongea na seva yoyote ya 1.x, ila folda ya kazi ikishapigwa `svn upgrade` na mashine mpya, ya zamani haiisomi tena na hakuna komandi ya kuirudisha. Kila mtu achekauti (avute kutoka kwenye seva) folda yake.