Ripoti ya katheta ya moyo: usisome namba moja moja, linganisha

Wenzangu mlioko zahanati za huku Lamu, mgonjwa akirudi kutoka Mombasa au Nairobi alikopimwa moyo kwa katheta, ule mrija mwembamba upitishwao mshipani hadi moyoni kupima presha, huja na karatasi imejaa namba, ashavuka na boti ya Mokowe yuataka umwambie ana nini. Haya tuisome.

Hatua ya 1: Zijue za kawaida, zote milimita za zebaki. Chumba cha juu kulia 2 hadi 6. Ventrikali, yani chumba cha chini, ya kulia 15–30 ikikaza, 0–8 ikilegea. Weji, yani puto dogo la katheta likiziba kijimshipa cha pafu lisome presha inayorudi nyuma kutoka upande wa kushoto wa moyo, 4–12. Ventrikali ya kushoto 100–140 ikikaza, na mwisho wa kulegea isizidi 12 hivi. Bandika ukutani, hamna haja ya kukariri.

Hatua ya 2: Hapa ndo penye kazi. Valvu ni mlango, ukiwa wazi presha za pande mbili zinafaa karibu zilingane. Mitrali, valvu ya kati ya vyumba viwili vya kushoto, hufunguka moyo ukilegea, kwa hivo weka weji kando ya ventrikali ya kushoto mwisho wa kulegea: weji 26 na ventrikali 8, mlango umebana, na kwa kijana fikiria kwanza homa ya rumatiki ya utotoni, yale maumivu ya koo yasotibiwa. Zote mbili 26? Mlango haujabana, kaangalie ventrikali yenyewe. Valvu ya aota, mlango wa kutokea ventrikali ya kushoto, nayo hufunguka moyo ukikaza, tofauti ya wastani ya presha za pande zake mbili ikifika 40 imebana vibaya, lakini moyo uliochoka hupitisha damu kidogo na tofauti ikawa ndogo, hio huwapoteza wengi.

Hatua ya 3: Presha ya mshipa upelekao damu mapafuni ikipita wastani wa 20 iko juu. Weji 15 kushuka, shida iko mapafuni. Ikizidi 15 imetoka kushoto, na dawa za kutanua mishipa ya mapafu zaweza kumjaza maji mapafuni.

Hatua ya 4: Presha za kulegea zikilingana vyumba vyote, tofauti isofika 5, utando wa nje wa moyo umebana, ama maji yamejaa ama umekuwa mgumu, na TB ni mshukiwa. Kama ni maji na presha ya mkono yashuka, usimpe dawa ya kukojoza, piga simu ya rufaa hapo hapo.

Hatua ya 5: Linganisha karatasi na shingo, maana mshipa wa shingo huonyesha presha ya chumba cha juu kulia. Mlaze digrii 45, pima sentimita ngapi mshipa wa shingo umefura juu ya pembe ya kidari (kile kinundu cha mfupa wa kifua chini ya shingo), jumlisha 5. Ikizidi sentimita 8 za maji iko juu (gawa kwa 1.36 upate zebaki). Karatasi yasema chumba cha juu kulia 3 na shingo imefura? Labda alikuwa amekojozwa kabla ya kipimo, au kihisi kiliwekwa juu ya usawa wa moyo, namba zote zikashuka. Mimi hapo naamini shingo, na nauliza walikompima.