Jinsi ya kuvunja PB yako ya hafu marathoni bila kukata moto njiani

Hafu marathoni ni kilomita 21.0975, ila zinazoamua kama utavunja PB yako (muda wako bora kabisa mpaka sasa) au utamaliza umenuna ni chache tu, kuanzia ya 13 mpaka ya 18. Mwanzoni kila mtu mkali, mwishoni kila mtu akishaiona finishi anapata nguvu ambazo hata yeye hajui zimetoka wapi, lakini hapo katikati, umeshachoka na bado ni mbali, ndo muda unapovuja, sekunde 5 hapa, sekunde 8 pale, ukija kushtuka dakika 2 zimeondoka. Kwa hiyo haya yote nayoandika hapa, mazoezi, kula, raba, kulala, lengo lake ni moja, ufike kilomita ya 13 miguu bado ina kitu.

Tuanze na lengo lenyewe maana hapa ndo wengi wanapotea kabla hata ya kufunga kamba za raba. Mtu anachagua muda kwa sababu unapendeza kuutaja, chini ya masaa 2, chini ya 1:45, wakati mwili haujasema kama unauweza. Njia ya uhakika ni kukimbia kilomita 10 kwa nguvu zote, mbio za kweli au peke yako kwenye barabara tambarare, alafu zidisha muda huo kwa 2.2. Hiyo ni hesabu ya Pete Riegel kwa kifupi, yule aliyetunga fomula ya kukadiria muda wa mbio moja kutoka kwenye nyingine, na inakaribia ukweli vizuri kwa mtu aliyefanya mbio ndefu za kutosha. Dakika 50 za kilomita 10 zinakupa kama 1:50, dakika 54 zinakuweka chini kidogo tu ya masaa 2, dakika 45 ni kama 1:39. Kama kilomita 10 zako ni dakika 57 na unataka kuvunja masaa 2 wiki 4 zijazo, bado haujafika, na hakuna aibu kwenye hilo, sogeza lengo mbele uendelee na mazoezi.

Ukishapata muda geuza uwe pesi, yaani muda wa kukimbia kilomita 1. Masaa 2 kamili ni 5:41 kwa kilomita, 1:45 ni 4:58, 1:30 ni 4:15. Sasa sikiliza hapa maana watu wanalia kwenye finishi kwa sababu ya hili jambo dogo: njia ya mbio iliyopimwa kihalali inapimwa kwa baiskeli maalumu ikifuata mstari mfupi kuliko yote, kona zote zinakatwa kwa ndani, na wewe katikati ya umati huwezi kuufuata mstari huo. Ongeza na makosa ya GPS, saa yako itasoma 21.2 au 21.3 au zaidi ukifika mwisho. Maana yake ukikaa 5:41 ya kwenye saa sekunde nyingi zitakuponyoka na utamaliza 2:01. Lenga 5:38. Kwa 1:45 lenga 4:55 au 4:56. Na bonyeza lap (kitufe cha saa cha kukata muda wa kila kilomita) mwenyewe kwenye kila kibao cha kilomita badala ya kuiachia saa ibonyeze, kwa sababu baada ya kilomita ya 8 hivi saa na vibao vinakuwa haviongei lugha moja tena, na umbali rasmi wa mbio ni ule wa vibao.

Mazoezi. Jipe wiki 10 mpaka 12 na uwe tayari unakimbia mara 3 au 4 kwa wiki kabla ya kuanza, kama unatoka kwenye kukaa tu basi jenga msingi kwanza, PB itasubiri. Sehemu kubwa ya kilomita zako za wiki ziwe polepole, na nikisema polepole namaanisha unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, hata kama majirani wanakupita. Watu wanaidharau hii sana. Wanakimbia kila siku kasi ya katikati, si polepole si haraka, wanachoka kila siku na hawaongezeki chochote, alafu siku ya mazoezi magumu miguu haina kitu.

Zoezi linalobeba hafu marathoni ni tempo, ile kasi ambayo ungeweza kuishikilia kama saa 1 hivi kama ungelazimishwa. Ngumu lakini umeitawala, unaweza kutoa neno moja moja tu. Anza na dakika 10 mara 3, ukijogi dakika 2 katikati, panda taratibu wiki kwa wiki mpaka ufike dakika 20 mara 2. Mara 1 kwa wiki inatosha kabisa. Kinachofanyika ni kwamba mwili unajifunza kuitumia laktati, ile kitu misuli inazalisha ukikimbia kwa nguvu, kwa kasi ile ile inavyozalishwa, na hafu marathoni kwa wengi wetu inakimbiwa chini kidogo tu ya hapo, kwa hiyo ukisogeza tempo umesogeza kila kitu.

Mbio ndefu ya wikiendi ipandishe mpaka kilomita 18 au 20, na wiki za mwisho kabla ya kupunguza usizikimbie zote kivivu, kilomita 5 au 6 za mwisho ziweke kwenye pesi ya mbio. Hapo ndo unafundisha miguu iliyochoka kukimbia pesi hiyo, maana kukimbia 4:58 ukiwa umetoka kulala na kukimbia 4:58 ukiwa na kilomita 14 mwilini ni vitu viwili tofauti kabisa. Intavo fupi, yaani vipande vya kasi vya mita 800 au kilomita 1 vyenye mapumziko katikati, zina faida yake, zinafanya pesi ya mbio ionekane ndogo, zifanye kila baada ya wiki 2 hivi ila usizifanye mungu wako. Mazoezi ya nguvu ya miguu na tumbo dakika 20 mara 2 kwa wiki, basi.

Kuna zoezi moja napenda sana na nawaambia watu wote, lifanye wiki 3 kabla ya siku yenyewe: kilomita 4 mara 3 kwa pesi ya mbio, ukijogi kilomita 1 katikati. Kama ya tatu umeimaliza ukihisi ungeweza kuongeza kilomita nyingine 1 au 2 lengo lako ni halali, endelea nalo. Kama ya tatu umeikimbia kwa kufa na kupona, legeza lengo, ongeza sekunde 4 au 5 kwa kilomita na usibishane na mwili wako, bado inaweza kuwa PB, na PB ndogo ni PB. Maumivu makali ya sehemu moja yanayokufanya ubadilishe hatua ni kusimama hapo hapo, siku 3 za kupumzika haziharibu chochote ila kukazana juu ya jeraha kunaharibu msimu mzima.

Wiki 2 za mwisho punguza kilomita, wiki ya kwanza ondoa kama theluthi moja, ya mwisho zaidi ya nusu, lakini usiondoe kasi, acha vipande vifupi vya pesi ya mbio humo ndani ili miguu isisahau. Utajihisi mzito, kigoti kitauma bila sababu, utaanza kuwaza kwamba fiti yote imekwisha na utatamani ukimbie mbio ndefu moja ya kujihakikishia. Usiikimbie. Hakuna zoezi la siku 6 kabla ya mbio litakalokuongezea kitu, ila la kukuchosha lipo. Lala. Usingizi wa usiku wa mwisho kabisa ukiwa mbaya kwa wasiwasi si tatizo, wa siku mbili tatu kabla yake ndo una maana.

Kula: siku 2 kabla ongeza wanga na punguza mafuta na vitu vyenye nyuzinyuzi nyingi, chakula ulichokizoea, usijaribu kipya. Asubuhi kula chepesi masaa 2 mpaka 3 kabla. Akiba ya wanga mwilini inatosha kama saa 1 na nusu ya kukimbia kwa nguvu, kwa hiyo kama unakimbia zaidi ya hapo jeli (vile vipakiti vya wanga laini vya wakimbiaji) zinakuhusu, gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa. Mpango mzuri ni jeli 1 dakika 10 kabla ya kuanza, nyingine dakika ya 35 au 40, ya mwisho kwenye saa 1 na dakika 10 kama utakuwa bado barabarani. Meza na maji matupu, ukichanganya na kinywaji chenye sukari tumbo linageuka. Na zote hizi zijaribu kwenye mbio ndefu za mazoezi, jeli hiyo hiyo, muda huo huo, tumbo nalo linafundishwa. Kafeini inasaidia kwa waliozoea, kama saa 1 kabla.

Raba ziwe zile ulizokwisha kuzikimbilia mbio ndefu angalau 2, iwe zile zenye bamba la kaboni kwenye soli au za kawaida. Vazelini kwapani, mapajani, popote panaposuguana, na wanaume msisahau chuchu.

Siku yenyewe pasha misuli, dakika 10 za kujogi na vipande 3 au 4 vifupi vya kasi, kwa sababu ukianza baridi kilomita 2 za kwanza zinakula pumzi bure. Simama kwenye kundi la watu wa muda wako, usijipenyeze mbele. Kipenga kikilia watu watakupita wengi, wengine unaona kabisa kwa mwili na pumzi kwamba hawana huo uwezo, na pesi yako itaonekana ya kizee, utahisi umelala. Hapo ndo penyewe. Kilomita ya kwanza iwe sekunde 5 mpaka 8 taratibu kuliko lengo, mpaka ya 3 uwe umeingia kwenye pesi. Sekunde 10 utakazojipatia mwanzoni kwa kukimbia haraka unazirudisha baadaye na riba, utalipa 40 kilomita ya 17. Usipite watu kwa zigizaga kulia kushoto, unaongeza mita na unachoma nguvu, nafasi itafunguka yenyewe. Kama umevuka mstari dakika 2 baada ya kipenga usihangaike nayo, chipu, kile kifaa kidogo cha kupima muda unachovaa, inahesabu tangu ulipovuka wewe.

Kuanzia ya 3 mpaka ya 12 kazi yako ni kuchoka kidogo iwezekanavyo. Tafuta kundi linaloenda pesi yako, au yule aliyebeba bendera ya muda wako, jifiche humo upepo ukatwe na wengine, angalia mgongo wa mtu wa mbele na uache kufikiria. Kukimbia na watu kuna nguvu ya ajabu. Kwenye hafu marathoni ya Valencia, Hispania, tarehe 6 Desemba 2020 wanaume 4 walimaliza chini ya rekodi ya dunia ya wakati huo ya 58:01 ya Geoffrey Kamworor: Kibiwott Kandie 57:32, Jacob Kiplimo 57:37, Rhonex Kipruto 57:49 na Alexander Mutiso 57:59. Wanne, kwenye mbio moja, asubuhi moja. Hiyo haitokei kila mtu akiwa kivyake. Ila kundi likienda haraka kuliko pesi yako kwa zaidi ya sekunde 3 au 4 liache liende, hata kama inauma kuliangalia likiondoka.

Kwenye mlima shika juhudi ile ile na uache pesi ishuke, utaipata kwenye mteremko. Jua likiwa kali ongeza sekunde 5 mpaka 10 kwa kilomita kwenye mpango wako tangu mwanzo, usisubiri joto likuambie lenyewe.

Sasa ya 13. Hapa mwili unaanza kukudanganya. Mabega yanapanda taratibu kuelekea masikioni bila wewe kujua, ngumi zinakaza, hatua zinakuwa ndefu na nzito, unaanza kutua mbele ya mwili wako na kila hatua inakuwa breki. Kila kibao cha kilomita fanya ukaguzi: tikisa mikono, shusha mabega, fungua vidole, toa pumzi yote nje kwa nguvu mara moja, alafu fupisha hatua na uongeze idadi yake. Pesi inarudi sekunde 3 au 4 kwa hilo tu, bila kuongeza nguvu. Usihesabu zimebaki kilomita ngapi, hesabu mpaka kibao kinachofuata. Na usishangae ukilazimika kujituma zaidi ili tu ubaki kwenye pesi ile ile, ndo inavyotakiwa kuwa, ukiendelea na juhudi ile ya kilomita ya 8 utakuwa unashuka taratibu na hautajua. Mtu uliyeambatana naye akianza kufifia mpite mara moja, umtafute mwingine wa mbele, usife naye kwa urafiki.

Ya 18 ukiwa ndani ya muda fungua. Chagua mgongo mmoja, ufikie, chagua mwingine. Mita 97 zile za mwisho baada ya kibao cha 21 zinachukua karibu nusu dakika kwa wengi, kwa hiyo ziingize kwenye hesabu yako kabla, usije ukaona 1:44:40 kwenye kibao ukadhani umeshafika. Usibonyeze saa mpaka uvuke mkeka wa finishi, na usisimame ghafla, tembea.

Jioni hiyo andika kila kilomita ulivyoikimbia, ulikula nini, jeli saa ngapi, hali ya hewa ilikuwaje, wapi ulianza kushuka, ungali unakumbuka. Alafu wiki nzima usikimbie kitu chochote kigumu, kujogi tu kama miguu inataka, na tempo ya kwanza isije kabla ya siku 10.