Kulipwa na Matangazo ya Google Ukiwa Tanga: Kuanzia Kuomba Akaunti hadi Fedha Kufika Benki

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia jirani yangu wa Barabara ya 12, Ngamiani, mama mtu mzima mwenye tovuti ya mapishi ya pwani. Matangazo yalikuwa yakionekana katika kurasa zake kwa miezi kadhaa, na hesabu ya dola ilikuwa ikipanda, lakini hakuna hata senti moja iliyomfikia mkononi. Mapishi yake hayakuwa na kasoro, na wasomaji alikuwa nao wa kutosha. Kilichomkwamisha ni barua moja ya posta. Mimi mwenyewe niliwahi kukwama hapohapo, na ndiyo maana hatua ya tano hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote. Ninachukulia kwamba tovuti unayo tayari na kwamba unajua kuingia katika sehemu yake ya usimamizi.

Hatua ya kwanza: Itayarishe tovuti kabla ya kuomba

Google AdSense, yaani huduma ya Google inayoweka matangazo katika tovuti na kumlipa mwenye tovuti, inakubali tovuti za Kiswahili, kwa hiyo usihangaike kuandika Kiingereza usichokimudu kwa kudhani kwamba bila hicho utakataliwa. Maombi mengi hukataliwa kwa sababu ya maudhui yenye thamani ndogo, yaani habari zilizonakiliwa kwingine, kurasa zenye aya mbili tu, au makala yaliyotafsiriwa kwa mashine bila kupitiwa na mtu. Andika jambo unalolijua kwa mikono yako. Aliyewahi kulima machungwa Muheza au kukausha iliki Amani ana maneno ambayo hayapatikani katika tovuti nyingine elfu moja, na hayo ndiyo yanayomleta msomaji na kumbakisha.

Weka pia ukurasa wa kujitambulisha, ukurasa wa mawasiliano na ukurasa wa sera ya faragha. Kuhusu anwani ya tovuti, msimamo wangu ni mmoja: nunua kikoa chako mwenyewe, kiwe cha .co.tz au cha .com, wala usijenge kazi ya miaka juu ya kikoa cha bure cha mtu mwingine. Ikiwa tovuti yako inatoa habari na matukio, soma kwanza kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 pamoja na marekebisho yake, kisha uulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kama unahitaji leseni.

Hatua ya pili: Fungua akaunti

Tumia jina lako kama lilivyo katika kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi, na uhakikishe kwamba ndilo jina lililo katika akaunti yako ya benki. Chagua Tanzania kuwa nchi yako, kwa sababu nchi haibadilishwi baadaye bila kufunga akaunti na kuanza upya. Mwombaji awe ametimiza miaka 18, na kila mlipwaji anaruhusiwa akaunti moja tu. Wapo wanaouza akaunti zilizokwisha kuidhinishwa. Usinunue, kwa kuwa jina la mlipwaji halitakuwa lako na fedha hazitakuwa zako.

Hatua ya tatu: Weka msimbo na faili la ads.txt

Nakili msimbo unaopewa na AdSense, uubandike katika sehemu ya kichwa (head) cha kurasa zote. Kisha tengeneza faili la maandishi matupu liitwalo ads.txt, liweke katika folda kuu ya tovuti, na ndani yake uandike mstari mmoja:

google.com, pub-0000000000000000, DIRECT, f08c47fec0942fa0

Badilisha sifuri hizo 16 kwa namba yako ya mchapishaji, yaani namba inayoitambulisha akaunti yako ya AdSense, lakini sehemu ya mwisho iache kama ilivyo. Faili hili huwajulisha wanunuzi wa matangazo ni nani anayeruhusiwa kuuza nafasi katika tovuti yako, na bila hilo mapato yanaweza kupungua.

Hatua ya nne: Panga matangazo

Mimi huzima matangazo ya kujipanga yenyewe, hasa yale yanayofunika ukurasa mzima, na badala yake huweka nafasi tatu kwa mkono: moja baada ya aya ya pili, moja katikati na moja mwishoni. Wasomaji wetu wengi wanatumia simu na vifurushi vya kuhesabu, na ukurasa uliojaa matangazo hula kifurushi cha mtu aliyekuja kutafuta kipimo cha tui la nazi. Mtu huyo harudi tena.

Usibofye matangazo yako mwenyewe, wala usiwaombe ndugu na marafiki wa kundi la WhatsApp wakubofyee. Mibofyo ya namna hiyo hugundulika, na mwisho wake ni akaunti kufungwa na mapato kurudishwa kwa watangazaji.

Piga hesabu mapema ili usivunjike moyo. Ukipata, kwa mfano, nusu dola kwa kila kurasa 1,000 zinazosomwa, basi kurasa 20,000 kwa mwezi ni dola 10. Nafasi za matangazo huuzwa kwa mnada, na kwa kawaida msomaji aliye Uingereza au Marekani hugombewa kwa bei ya juu kuliko aliye Korogwe. Jirani yangu aliligundua hilo alipoona kwamba Watanzania walio ughaibuni wanaotafuta mapishi ya nyumbani ndio waliomwingizia sehemu kubwa ya mapato.

Hatua ya tano: Anwani na barua ya namba ya siri

Mapato yakifika dola 10, Google hukutumia kwa posta ya kawaida barua yenye namba ya siri ya tarakimu 6 ili kuthibitisha anwani yako. Mpaka uiingize namba hiyo, hulipwi. Kwa watu wa nchi ambako tarishi hubisha hodi mlangoni, jambo hili ni dogo. Kwetu Tanga barua nyingi huishia katika sanduku la posta, na ukiandika mtaa na namba ya nyumba peke yake, barua hiyo inaweza isikufikie kamwe.

Kwa hiyo, siku unapofungua akaunti, na wala si siku mapato yanapofika dola 10, jaza anwani hivi: mstari wa kwanza uandike P.O. Box na namba ya sanduku, mstari wa pili mtaa wako, mji uwe Tanga, na msimbo wa posta uwe wa kata yako (misimbo ya mkoa wetu huanza na 21). Usiandike S.L.P. katika mstari huo, kwa sababu barua inatoka nje ya nchi na itapita mikononi mwa watu wasiojua Kiswahili.

Usipokuwa na sanduku, njia bora kwa maoni yangu ni kukodi lako. Ukiazima la shule, la msikiti au la ofisi, andika jina la taasisi hiyo katika anwani, na umwambie mwenye kushika ufunguo kwamba unasubiri barua. Uliza pia kama ada ya mwaka imelipwa. Mimi niliazima sanduku la ndugu yangu bila kuuliza, kumbe ada haikuwa imelipwa na sanduku lilikuwa limefungwa, nami nikapoteza barua mbili na karibu miezi miwili.

Barua huchukua wiki 2 hadi 4, na wakati mwingine zaidi. Zikipita wiki 3 bila kuiona, unaweza kuomba nyingine, na unaruhusiwa kuomba hadi mara tatu baada ya ile ya kwanza. Usiombe kwa pupa kila ruhusa inapofunguka. Hakikisha kwanza kwamba anwani ni sahihi, kwani anwani yenye kosa itapoteza barua zote nne. Ikipita miezi 4 tangu namba ya kwanza itolewe, matangazo huacha kuonekana katika tovuti yako. Vilevile ukikosea kuingiza namba mara tatu, matangazo husimamishwa, hivyo isome polepole na umpe mtu mwingine ahakiki.

Barua zote zikipotea, utapewa nafasi ya kupakia hati yenye jina na anwani zilezile ulizozijaza. Hapa wengi hukwama mara ya pili, kwa kuwa umeme wa LUKU hautoi ankara ya kila mwezi ambayo ungeipakia kama hati hiyo. Nenda benki mapema, waombe waandike sanduku lako la posta katika kumbukumbu zao, kisha utumie taarifa ya akaunti yenye anwani hiyo.

Ijue pia sura ya barua yenyewe. Ni ndogo, nyeupe, imegandishwa kingo zake, na unaifungua kwa kuchana pembeni palipotobolewa vitundu. Inafanana na karatasi ya tangazo ambalo mtu angelitupa. Ya jirani yangu tuliikuta katika droo ya karani wa madrasa iliyomwazima sanduku, chini ya kitabu cha risiti, haijafunguliwa. Mama aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza mara mbili, akaniuliza, "Mwanangu, ni hii iliyozuia fedha zote?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama, ni hiyo." Tuliingiza namba palepale kwa simu yake.

Hatua ya sita: Benki

Jaza jina, namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT wa benki yako, yaani msimbo unaoitambulisha benki katika malipo ya kimataifa. Malipo hutolewa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi, mapato yakiwa yamefika dola 100. Kwa kuwa benki hukata ada kwa kila fedha inayoingia kutoka nje, mimi hupandisha kiwango changu cha malipo hadi dola 300 ili nikatwe mara moja badala ya mara tatu. Jirani yangu hakutaka kusubiri kiasi hicho. Alikiacha kiwango katika dola 100, na malipo yake ya kwanza yaliingia tarehe 27, siku moja baada ya kutolewa.